Dawa ya Miguu ya Ng'ombe

Chekeni tu, aibu hii imeshanizoea. Ulikuwa wakati wa vita, mimi mwalimu wa Kifaransa pale Kimemi, Butembo, na mama yangu yuko Beni, ana uvimbe kwenye titi na chakula hataki tena, ndipo nikasikia redioni kwamba kwenye kolajeni (ile ya ngozi na mifupa) wataalamu wametoa protini inayozuia mishipa mipya ya damu, basi uvimbe unakosa chakula na kunywea! Betri zikaisha hapo hapo, mais mimi nilikuwa nimeshasikia ya kunitosha. Nikanunua miguu ya ng'ombe, nikaichemsha mchana kutwa bila chumvi (dawa haitiwi chumvi, nani aliniambia sijui), nikajaza bidoni ya plastiki, na asubuhi nikapanda lori.

Kwenye barieri askari akauliza nimebeba nini. Ningesema supu, yangeisha. Lakini mwalimu, na abiria wote wanamsikiliza!

"Ni dawa, chef. Inafunga njia ya damu, donc inakausha."

"Inakausha damu ya mutu?" Akarudi nyuma. "Iyo ni sumu! Kunywa wewe kwanza."

Kwetu mwenye kuleta kinywaji ndiye huonja kwanza, kwa hiyo sikubisha. Nikainua bidoni mdomoni, hakuna kitu. Baridi ya Butembo ilikuwa imeigandisha yote. Nikatikisa, nikapiga kitako, abiria wakashuka kutazama, nikaminya kwa nguvu zote, pwaa! Shati langu, ndevu zangu, na buti za askari.

"Mwalimu, unauzisha colle, gundi ya viatu?" akapaza sauti mama mmoja muuza vitunguu, na askari mwenyewe akacheka mpaka akaegemea lori, akaniachia nipite.

Beni nilifika nimenata mwili mzima. Nilipomsimulia mama, alicheka ameshika ubavu, kicheko nilichodhani sitakisikia tena, nami nikalia mbele yake kama mtoto. Akataka kilichobaki kipashwe moto, akaonja kijiko kimoja.

"Mwana wangu, ata chumvi?"

Tukatia chumvi, akamaliza bakuli.

Baadaye rafiki mwenye betri nzima akaniambia habari ile ilikuwa ya panya wa maabara, si ya watu. Mama alituacha kabla ya mavuno. Siku hizi nikibeba supu nasema ni supu, na chumvi naitia nyumbani.