Mashine Iliyomsifu Shemeji

Mwanangu wa kiume alikuwa fundi magari kule Mlabani, na mimi nilikuwa napika chapati na chai pembeni ya gereji yake, chini ya turubai lile lile alilokuwa anaegeshea magari ya watu. Shule sikuiona, kwa hiyo hapa nasema tu, na anayeandika nimemwambia asininyooshe.

Ujana wake mwanangu uliishia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mnazijua zile mashine. Mtu akifanya kazi karibu nazo, anaongea kwa mikono. Alikaa nazo miaka mingi kabla hajaingia kwenye magari, na masikio yakawa yanamwacha kidogo kidogo, hata hukujua ni siku gani yalianza kwenda. Daktari alimmulika masikioni, akavua miwani, akasema kwa sauti ya puani kama mtu aliyeshiba: "Haya, baba, hayarudi. Tunza yaliyobaki." Tukayachukua yaliyobaki tukaenda nayo nyumbani.

Sasa fundi wa kwetu kazi yake ni kusikiliza. Gari likija, anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho. Hapo anajua ni beringi au ni kitu gani. Mwanangu naye alianza kwa sikio, baadaye mpini akauhamishia kwenye meno. Anauuma, mlio unampandia kwenye mifupa ya kichwa. Wateja wakaona ni utaalamu mpya. Mmoja alisema, "Huyu fundi ana manjonjo, anaonja injini kama mchuzi." Na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Siri tuliijua wawili. Gari likiingia, anayesikiliza ni mimi. Nageuza chapati huku naushika mlio. Halafu nampelekea chai, namwinamia kwenye sikio la kulia, ambalo lina uhai kidogo, namtolea gari lote pale: "Kho-kho-kho, tsii. Kho-kho, tsii." Anatikisa kichwa kama anashukuru chai, anakwenda kufungua pale pale penye ugonjwa. Mimi tangu mtoto naiga. Naiga padri anavyokohoa kabla ya mahubiri, jirani anavyomsuta mumewe, bata, trekta. Mama yangu alinichapa sana kwa tabia hiyo.

Tukaenda hivyo vizuri tu, mpaka yakaja haya magari ya siku hizi. Haya hayalii. Yanaletwa yamenuna, yamewasha kijitaa kimoja cha njano mbele ya dereva, basi. Nilikwenda kuinama juu ya injini ya moja, nikasikia feni peke yake. Dereva akasema, "Mama, kwani na wewe ni fundi?" Nikamwambia natafuta kijiko changu.

Bisibisi nayo ikawa haina la kusema. Wenye magari wakaanza kutupita wanakwenda gereji ya barabara kuu, kule wana mashine ya kupimia. Wanaichomeka kwenye tundu lililo chini ya usukani, inaandika ugonjwa wa gari kwenye kioo chake. Hakuna cha sikio. Mwanangu alikwenda kuitazama ikifanya kazi, akarudi, akakaa kwenye tairi. Akasema kwa sauti kubwa, maana siku hizo alikuwa hajui tena anaongea kwa ukubwa gani, "Mama, ile ingekuwa masikio yangu." Nikamziba mdomo kwa chapati, maana palikuwa na mteja.

Tulichokuwa nacho ni shamba la mpunga la Idete, aliloacha marehemu baba yake. Lingetosha kununua mashine. Lakini shamba la marehemu ni la ukoo, haliuzwi mpaka shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akae kikao na aweke dole gumba. Huyu shemeji ana kigari cheupe, ndilo gari pekee katika ukoo, na kukiongelea vibaya ni sawa na kuwaongelea wanawe. Wakati ule alikuwa anatafuta wa kukinunua.

Muuza mashine akaja kutoka Morogoro na begi mgongoni. Kijana wa mjini, anaongea kama redio iliyokaa kati ya stesheni mbili. "Mama, shikamoo, mama, hii ndo habari ya mjini, hii fundi akiwa nayo analala usingizi." Akatoa kwanza kidude kidogo cha kuunganisha na simu. Mwanangu akakirudisha begini bila kukigusa mara mbili. Hicho kinasoma injini tu, na magari mengi yaliyotumika Japani yanakikataa. Zikabaki mbili, nyeusi nzito na nyekundu nyepesi.

Mwanangu alikuwa na maswali yake, ameyaandaa siku nyingi. Inasoma malori? Maana wakati wa mavuno malori ndiyo yanayojaa huku, na umeme wa lori una nguvu mara mbili ya ule wa gari dogo, mashine ya kitoto inaungua. Inasoma giaboksi na breki, au injini peke yake? Unaweza kuiamrisha feni izunguke ukiwa umekaa, ujue kama ni feni mbovu au ni waya? Na mwaka ukiisha, inaendelea kusoma au inadai kulipiwa upya? Kijana akawa anajibu huku ametazama pembeni, na mimi nasogea kwenye sikio la kulia namrudishia kwa sauti ile ile ya redio: "Nyeusi inasoma vyote, bosi, mpaka malori. Nyekundu ni injini na vitu vidogo vidogo, bosi, ila kioo chake kinang'aa." Kijana akaniangalia vibaya. Mwanangu akasema nyeusi, na hakusita.

Tukaenda Idete kwenye kikao, muuza mashine pamoja nasi. Nilipika kambale kwa mikono yangu ili shemeji ale kwanza, maana huyu akiwa na njaa hakubali kitu. Tulimkuta na mgeni, mtu wa kule kwenye mashamba ya miwa, amekuja kukiangalia kile kigari. Shemeji akala, akanawa, akakunja mikono kifuani. Ana sauti ya kwenye pipa, huyu. "Ardhi ya kaka yangu siitoi kwa kitu nisichokiona kikifanya kazi. Gari lile pale. Ipimeni mashine yenu kwa gari ninalolijua mimi mwenyewe."

Mwanangu alitazama mdomo wake akaelewa. Nikaona uso unambadilika. Lakini ni baba yake mdogo, na wazee wamekaa, akasema, "Sawa, baba."

Wakachomeka ile nyeusi. Ikafikiri. Halafu kijana akaanza kusoma, na hasomi kwa kunong'ona, anasoma kama anatangaza ndoa kanisani. "Giaboksi, tatizo. Breki za nyuma, tatizo. Mfuko wa hewa wa dereva, haupo, uliwahi kutolewa. Na hizi kilomita, mzee."

"Kilomita zina nini?"

"Zilizoandikwa mbele ya usukani ni chache. Kompyuta ya ndani inasema nyingi."

Mgeni wa miwa akainuka, akasema anakwenda kunawa mikono. Alikuwa amekwisha nawa. Hatukumwona tena.

Shemeji akaitazama njia aliyopita mgeni. Kisha akasema polepole, "Mashine hii ina mdomo mchafu. Leteni nyingine."

Wakachomeka nyekundu. Hiyo haikuchelewa. Kioo kikawa kijani, kikatoa alama ya vema kubwa, kijana akasoma, "Hakuna tatizo." Na shemeji akatabasamu mpaka magego. "Hii sasa ndiyo mashine. Imekuja kwa watu na heshima zake."

Mwanangu akapiga goti moja chini. Akasema, "Baba mdogo, shikamoo. Hii nyekundu haijafika huko kwenye giaboksi. Haijaona, ndiyo maana inasema hakuna."

"Kwa hiyo gari langu bovu?"

Hapo mtu wa kwetu anajibu nini? Mbele ya wazee, umekuja kuomba ardhi, baba yako mdogo anakuuliza kama gari lake ni bovu. Mwanangu akasema, "Hapana, baba."

"Basi mashine iliyosema hapana ni ipi?"

"Nyekundu, baba."

"Dole gumba naweka kwa nyekundu. Mkiitaka ile nyeusi, shamba libaki." Akanigeukia. "Shemeji, na wewe unasemaje? Bila kuniiga." Nikasema mimi sina neno. Mjane anaulizwa ili ionekane kaulizwa.

Nilimvuta mwanangu nyuma ya banda la kuku. Nikamwambia sikioni tuondoke, tutarudi shemeji akipoa. Akasema, "Mama, kikao hakikai tena mpaka mavuno yaishe. Mimi mpaka mavuno sina mteja hata mmoja." Alisema kwa sauti yake ile, nadhani wazee wote walisikia. Muuza mashine alikuwa amekaa kwenye kigoda anamalizia kambale wangu. Kwake zote zilikuwa zinauzika.

Shamba likaenda kwa mtu wa Ifakara mjini, mashine ikaja Mlabani. Siku za mwanzo ilileta watu. Mwanangu aliifunga kwenye kanga yangu isiingie vumbi. Gari likiwa na ugonjwa wa injini, inautaja, anautengeneza, mteja anaondoka. Niliwahi hata kumsikia anaimba, nje ya sauti kabisa, nikamwachia. Malori ya mpunga yalipoanza kushuka alikuwa anayaelekeza barabara kuu mwenyewe kwa mkono. Nyekundu ingeungua.

Halafu akaja dereva wa gari la abiria, lina taa ya breki inayowaka na kuzima. Mwanangu akachomeka. Kijani. Hakuna tatizo. Akafungua magurudumu akaangalia kwa macho, akaona pedi bado nene, akafunga. Na mimi nilisikiliza, Mungu shahidi, nilikwenda nikainama kabisa. Gari kimya. Dereva akaondoka na abiria wake, wanakwenda ng'ambo ya mto. Kule Kivukoni, akishuka kutoka darajani, breki zikakatika. Akaliingiza kwenye majaruba ya mpunga ya watu. Hakufa mtu. Mwanamke mmoja alivunjika mkono.

Dereva alirudi kesho yake kwa miguu. Mimi nilikuwa nakanda unga. Mwanangu ameipa barabara mgongo, anafuta mashine. Yule dereva akasimama nyuma yake, na ana sauti ya kukwaruza kama gia isiyoingia. "Fundi. Hiyo si mashine, ni tochi. Umeniuzia tochi." Mwanangu anafuta. "Fundi, nakutukana na mamako ukiwemo." Anafuta, anaikunjia kanga vizuri. Watu wa duka la jirani wakatoka. Nikaanza kwenda kumgusa begani, na unga wangu mikononi, lakini dereva alikuwa karibu zaidi. Aligonganisha viganja vyake mara mbili nyuma ya kichwa cha mwanangu, pa, pa. Mwanangu hakugeuka.

Dereva akashusha sauti. Nilivyomwona, hasira ilimtoka yote. Akawageukia watu akasema, pole kabisa, kama anayetoa habari ya msiba, "Kumbe hasikii."

Hilo liliuma kuliko matusi. Mpaka jioni Mlabani nzima inajua. Hakuna aliyekuja kututukana. Walikuja kunywa chai, wakampa mwanangu pole kwa kutikisa vichwa na kunyoosha midomo, na magari yao wakayapeleka kwingine. Ungempelekea gari lako nani, na mimi ningesema nini. Nilimpigia muuza mashine aichukue nyekundu, hata kwa hasara. "Mama, mzigo ukishatoka umetoka, mama." Nikamrudishia hivyo hivyo kwa sauti yake mpaka akakata simu. Ndiyo faida niliyopata.

Kodi ikatushinda, mwenye kiwanja akachukua kiwanja chake. Sasa ni msimu mwingine, tuko Idete. Yule aliyenunua shamba alikuwa anatafuta watu wa kuamia ndege, yaani kuwafukuza shambani, mpunga umeshaanza kubeba, na kazi hiyo kwa kawaida wanafanya wanawake na watoto. Akamchukua mwanangu, akanichukua na mimi. Shemeji anapita na kigari chake, kinalia giaboksi ile ile, anatupungia mkono.

Mwanangu amesimama kwenye kichuguu katikati ya mpunga uliokuwa wetu. Anapiga kelele na kurusha udongo kwa kombeo. Kelele zake kubwa mno, zinafika mpaka barabarani, na ndege wanainuka mbele yake wingi, kama moshi. Yeye anawatazama wale wanaokwenda. Wengine wanazunguka, wanatua nyuma yake, wanaanza kula tena, wanapiga zile kelele zao kama za watoto wa shule. Namwita. Halafu nakwenda mwenyewe, nafika tayari masuke ya pale yamekuwa makapi.