Mabati Juu ya Chandrakala

Kisii hakuna ziwa. Kuna mito ya kuvukwa kwa mguu, kuna vidimbwi vya kunyweshea ng'ombe, na kuna mvua, ambayo hufika kila siku baada ya saa nane kama mtu aliyeandikwa kazi. Hata hivyo Kisii kuna Chama cha Wapenzi wa Mashua za Kale, chenye wanachama kumi na wanne, na katika hao kumi na wanne hakuna hata mmoja anayejua kuogelea.

Haron Nyasani, fundi mbao wa Ikonge, alikijua chama hicho kuliko alivyotaka kukijua. Wanachama walivaa kofia nyeupe zenye nanga mbele, walizoshonesha mjini kwa fundi wa sare za shule. Waliitana Nahodha. Nahodha huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, Nahodha yule alikuwa karani wa benki, na Nahodha wa tatu aliuza ndizi kwa jumla na hakuwa ameingia kwenye maji mapana kuliko beseni la kuogea. Kila Jumapili alasiri walikutana nyuma ya duka la vyuma la Gaurav, wakaizunguka mashua moja kwa viti vya plastiki, wakala sambusa, wakaiangalia. Basi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya chama.

Mashua yenyewe iliitwa Chandrakala. Subhash, babu yake Gaurav, aliiundisha Kendu Bay mwaka wa 1976 ya kubebea sukari na chumvi, akaipa jina la mkewe. Wanachama walipenda kuiita mashua ya kale, huku wakishusha sauti kama waliomo kanisani. Nyasani alikuwa na miaka kumi na tisa ilipoundwa, kwa hiyo yeye alikuwa wa kale zaidi, na hakuna aliyewahi kumzungushia viti vya plastiki.

Alikuwepo, ndiyo maana alijua. Alikuwa ametoroka majani ya chai ya baba yake, akateremka ziwani, akaangukia mikononi mwa Mzee Ogola, mtu mfupi asiye na maneno mengi, aliyeunda mashua kwa jicho na kamba yenye mafundo. Alikaa naye miaka kumi na mmoja. Chandrakala ndiyo mashua ya kwanza ambayo Ogola alimruhusu kupigilia misumari. Upande wa kushoto, karibu na tezi, yaani kule nyuma kwenye usukani, kuna msumari mmoja uliopinda. Huo ni wa Nyasani. Ogola aliuona, akakataa kuung'oa. Alisema ukae hapo hapo umkumbushe.

Ogola alikufa. Mashua zake nyingine zilipasuliwa kuni za kukaushia samaki, ikabaki hiyo moja. Nyasani akarudi kwao, akamwoa Bonareri, akatengeneza vitanda, milango na majeneza kwa karibu miaka arobaini. Kabla hajaingia katika jeneza lake mwenyewe alikuwa na haja moja tu: aione Chandrakala ikielea tena, hata kwa nusu saa.

Kwa hiyo chama kilipomwita mwezi wa Machi, alipanda gari asubuhi hiyo hiyo. Mwezi wa Agosti kungekuwa na maonyesho ya mashua za kale huko Kendu Bay, vyama vyote vya kandokando ya ziwa vilete mashua zao, na mashua zote zielee majini mbele ya watu. Watu wa Kisii walitaka yao ing'ae kuliko zote.

Nyasani aliipapasa mashua kwa kiganja. Mbao zilikuwa zimekauka kama ukoko wa ugali. Kati ya ubao na ubao paliingia kijiti cha kiberiti. Wanachama walikuwa wameziba nyufa hizo kwa fila, ile ya gereji inayofichia mibonyeo ya magari yaliyogongwa. Na juu ya yote, kwa fahari kubwa, walikuwa wamejenga banda la mabati mapya ili mvua isiiguse.

Kosa hilo lingefanywa na watu wa milimani peke yao. Huku kwetu mtoto hufundishwa kuingiza mbao ndani kabla hajajua kusalimia, na mwanamume hupimwa kwa mabati yake. Ubao ukinyeshewa umeharibika, nani asiyejua? Lakini ubao wa mashua haukuumbiwa adabu ya kitanda. Ukikauka husinyaa, ukaacha mwanya. Ukinywa maji hufura, ukambana jirani yake mpaka maji yenyewe yakose njia. Ogola hakuteremsha mashua iliyokaa nchi kavu bila kuijaza maji kwanza wiki mbili, tatu. Kisii usingehitaji hata kuyachota. Ungeondoa mabati tu, mbingu ingefanya kazi iliyobaki bure.

Akawaambia hivyo Jumapili mbele ya wote. Mwenyekiti alikuwa Mogire, yule mwalimu mkuu mstaafu, aliyewasomesha watoto wawili wa Nyasani. Ndiyo sababu Nyasani alimwita Mwalimu. Neno Nahodha lilikataa kutoka.

"Mwalimu, hii mashua imekauka sana," alisema. "Mtoe hii mabati. Mvua iingie ndani wiki tatu, mbao ikunywe maji, itajifunga yenyewe. Na hiyo fila tuitoe, tukalafati, tuzibe nyufa na pamba na mafuta."

Mogire alisimama, kama alivyosimama miaka thelathini mbele ya gwaride la wanafunzi. Kisha akawageukia wenzake.

"Wanachama, mmesikia? Fundi wetu wa majeneza anataka tunyeshee mashua mvua. Kesho atatuambia tuipande kama viazi."

Manahodha walicheka mpaka sambusa zikawapalia. Gaurav peke yake hakucheka. "Mwalimu, huyu mzee amefanya kazi ziwani," alisema.

"Ziwani kila mtu amefika, Gaurav. Fundi, wewe tupigie vanishi. Mara tatu."

Nyasani akachukua brashi. Angeweza kubishana. Angeweza kumvuta Gaurav kando, kwa maana uwanja ulikuwa wa Gaurav na mabati yalikuwa yametoka dukani kwake. Lakini alikuwa ametukanwa mbele ya wauza ndizi, na mdomo wake ukafunga kuliko ambavyo ubao wowote ungefunga.

Jioni ile Bonareri alimsikiliza hadi mwisho huku akichambua mboga. "Baba Cynthia, umewaambia kwamba itazama?"

"Nimewaambia ni kavu."

"Waambie tena."

"Mimi si kasuku. Wataona."

Akaendelea kwenda kila wiki kupaka vanishi. Mvua ilikuja saa nane, ikapiga kelele juu ya mabati, futi nne kutoka kwenye mbao zilizokuwa zikiililia, kisha ikatiririka kwenye mtaro na kwenda zake. Nyasani aliisikiliza, akapaka. Mwanzoni aliumia. Kufikia Juni maumivu yalikuwa yamegeuka kuwa kitu kitamu. Kila akichovya brashi alimwona Mogire majini na kofia yake ikielea pembeni. Aliipenda bado mashua ile, lakini tuseme ukweli: siku ya aibu yao alikuwa ameanza kuipenda zaidi. Dharau ina utamu wa muwa, unatafuna tu huku hushibi.

Mwezi wa Julai Gaurav alimletea chai pale bandani, akasimama akiangalia mbao zilizokuwa ziking'aa kiasi cha mtu kuweza kujitazama akinyoa ndevu.

"Mzee, niambie ukweli. Hii iko sawa?"

"Si ulisikia Mwalimu? Mimi ni wa majeneza."

Gaurav alingoja. Aliposhindwa kungoja alichukua kikombe kitupu, akarudi dukani. Nyasani alimsimulia Bonareri kisa hicho kama mzaha. Bonareri hakucheka.

Siku ya maonyesho Chandrakala ilifika Kendu Bay juu ya lori, imefungwa utepe mwekundu kama bibi harusi wa mjini. Mashua za vyama vingine zilikuwa majini kwa majuma mawili tayari, za kijivu, zimelowa, zimetulia kama bata. Manahodha wa Kisii walizitazama kwa huruma. Mmoja aliuliza kama wenzetu hawa hawajui vanishi inauzwa wapi.

Mogire alihutubia. Alizungumzia urithi, alizungumzia wahenga, alizungumzia vizazi vijavyo, na kwa dakika ishirini na tano hakutaja aliyeunda mashua. Kisha manahodha saba wakapanda, wamevaa makoti ya kuokolea maisha yaliyofungwa hadi kidevuni. Nyasani alikuwa amejinunulia hindi choma na kujikalisha juu ya kreti ya soda. Watazamaji wengine walisimama. Yeye alitaka starehe.

Mashua ilisukumwa. Ikaenda hatua thelathini, arobaini. Nahodha wa ndizi akawa wa kwanza kuinua miguu. Halafu karani wa benki akainua yake. Halafu wote saba walikuwa wameinua miguu kama wake za watu waliomwona panya, na fila ikawa inabanduka kwa vipande virefu na kuelea kandokando. Mtu akapaza sauti kwamba wahamie upande ule mwingine. Wakahama wote pamoja. Chandrakala ikalala ubavu taratibu, ikawamwaga, ikajaa, ikakaa chini.

Maji yalifika kifuani. Manahodha hawakulijua hilo, wakalia kama waliofika bahari kuu, mpaka wavuvi wakawabeba mgongoni mmoja mmoja kama watoto wa chekechea. Kofia tatu zilielea. Nyasani alicheka kicheko alichokiweka akiba tangu Machi. Alicheka hadi hindi likaanguka mchangani.

Mogire, amelowa chapachapa na mwenye hasira, aliamuru lori lirudi nyuma na kamba ifungwe kwenye omo, ile pua ya mbele, ili mashua ivutwe nje upesi kabla watu hawajamaliza kupiga picha.

Hapo Nyasani aliacha kucheka. Mashua iliyojaa maji haivutwi. Hutolewa maji kwanza pale pale ilipo, debe kwa debe, kwa sababu maji yale yana uzito wa malori, na mbao kavu hazina nguvu ya kuyabeba. Alikimbia, akaingia majini na viatu.

"Mwalimu, acheni. Toeni maji kwanza. Mwalimu, itavunjika."

Mogire alimpungia mkono bila kugeuza kichwa. "Fundi, si sasa."

Dereva alimsikiliza aliyevaa kofia. Lori likanguruma, kamba ikakaza, na ukasikika mlio wa mfupa wa ng'ombe ukivunjwa kwa shoka. Omo iling'oka na mbao za pande zote mbili hadi katikati. Kilichofika ufukweni ni pua yenye utepe mwekundu. Nyasani alibaki amesimama majini, amekumbatia sehemu ya nyuma ili isiende na maji, na watu waliomwona walidhani ni mlevi.

Chama kilikutana Jumapili iliyofuata. Kumbukumbu za mkutano zinasema kwamba mashua ilizama kwa kuwa iliundwa vibaya tangu mwanzo na fundi asiyejulikana. Mogire alichaguliwa tena bila kupingwa. Sasa wanatafuta mashua nyingine, na banda wameliongeza mapana.

Gaurav alijiondoa katika chama. Alituma nusu iliyobaki hadi Ikonge kwa pikapu ya duka, na dereva hakuwa na ujumbe ila kwamba bosi amesema aichukue. Nyasani aliiweka nje, kando ya shamba la chai, bila hata kipande cha turubai. Alikwangua fila yote na vanishi yote aliyoipaka kwa mkono wake. Kisha akaiachia mvua.

Wiki ya tatu alichukua wembe, akajaribu kuupenyeza kati ya ubao na ubao. Ulikataa. Akajaribu chini, akajaribu karibu na tezi. Ulikataa kote. Mzee Ogola alikuwa ameunda kitu kizima, na kilikuwa bado kizima baada ya miaka yote hiyo. Kilikuwa kikingoja maji tu.

Akamwita Bonareri, ambaye ndiyo kwanza alikuwa akitoka kupeleka majani, kikapu kingali mgongoni. Bonareri alipitisha kidole kwenye maungio polepole, akafika kwenye msumari uliopinda, akasimama hapo.

"Imefunga," alisema.

"Si nilisema? Niliwaambia itafunga."

"Uliwaambia mara moja." Alishusha kikapu, akaangalia mawingu, saa nane ilikuwa imekaribia. "Na Gaurav alipokuja kukuuliza?"

Nyasani aliushika ule msumari kwa vidole viwili, akautazama kama ambaye hakuwahi kuuona.

"Kasuku angemwambia," Bonareri alisema, akaingia ndani kuinjika chai. Mvua ikaanza, na mzee akabaki pale pale, mkono juu ya ubao, akilowa.