Maji Yaliyoiva

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa tangi la kioo lisilo na samaki hata mmoja. Ilikuwa Maskati, katika duka la samaki wa mapambo, nami nilikuwa nimetoka Upareni kwa nauli niliyoitafuta mwenyewe. Msimamizi wa duka, Mhindi mfupi aliyejifunza Kiswahili kwa Waomani waliozaliwa Unguja, alinionyesha maji matupu na kichujio kinachonguruma, akasema, "Chunga hili."

"Halina kitu, bwana."

"Ndiyo maana nakupa wewe."

Kila asubuhi alitia punje chache za chakula ndani ya maji yasiyo na mlaji, akaondoka. Nilidhani ana wazimu. Kumbe alikuwa anayaivisha maji. Nyie vijana mnaonunua tangi asubuhi na kutia samaki jioni, hapa ndipo mnapowaua. Samaki hujisaidia mle mle anamopumulia. Uchafu wake, pamoja na chakula kinachooza, hugeuka amonia, sumu isiyoonekana kwa macho, inayochoma matamvua, yale majani mekundu ya kupumulia. Kuna bakteria wazuri wanaoimaliza sumu hiyo, lakini hawaji kwa siku moja. Huota taratibu, hasa ndani ya sponji ya kichujio, kama utando wa kahawia unaoteleza. Tangi lenye bakteria hao tunasema maji yake yameiva. Lisilo nao, maji yake ni mabichi hata yakiwa yanang'aa.

Wenzangu niliosafiri nao waliishia kuosha magari. Mimi nilisoma jioni mpaka nikapata diploma ya ufugaji wa samaki. Ipo sebuleni kwangu Goba, ndani ya fremu, na anayeingia huiona kabla hajaniona mimi. Nyumba yenyewe nimeijenga juu ya kilima, na hakuna mjomba wala shemeji aliyenipa tofali. Mke wangu ndiye aliyesimamia mafundi nikiwa ughaibuni. Alifariki kabla madirisha hayajatiwa vioo. Nilipofika, kaburi lilikuwa limeshapandwa maua. Wiki iliyofuata nilirudi Maskati. Kazi ni kazi.

Niliporejea nchini moja kwa moja, niliajiriwa na Mkurugenzi wa mgahawa mmoja Msasani. Tangi lake lilikuwa refu kama ukuta, limejaa samaki wa rangi zote waliobanana kama abiria wa sikukuu.

"Mkurugenzi," nilimwambia, "samaki wamezidi, na wahudumu wanawatupia mabaki ya chipsi. Tupunguze."

"Mzee wangu, wateja wanataka kuona wengi. Wakifa wafe, ila wasionekane wamekufa."

Basi miaka yangu ya Msasani ilikuwa hivyo. Nilifika kabla mgahawa haujafunguliwa, nimechomekea shati, nikaopoa maiti kwa wavu, nikazifunga kwenye gazeti, nikatia wapya. Kichujio chenyewe nilikitunza vizuri, maana hicho hakikuwa na mtu wa kunibishia, na sponji zake ziliiva kuliko za tangi lolote mjini. Wateja walisifu. Hakuna samaki aliyekaa mle muda wa kutosha nikamzoea.

Kazi ninayoweza kuisimulia bila kuinamisha kichwa ilikuwa Mtoni, kwa Inspekta. Tulimwita hivyo kwa sababu alistaafu ukaguzi wa mizigo bandarini. Alikuwa mtu wa Tunduru, na tangi lake alilijaza mbuna, wale samaki wadogo wa samawati na manjano wanaoishi kwenye miamba ya Ziwa Nyasa. Wengine walicheka kwamba anafugia kitoweo chumbani. Mimi nilimvulia kofia. Maji ya visima vya Mtoni ni magumu, yaani yana chumvichumvi na chokaa ile inayoganda ndani ya birika. Samaki wengi wa madukani huyachukia, lakini mbuna wa Nyasa huyapenda, kwa kuwa ziwa lao nalo lina maji magumu. Yule mzee aligundua hilo kwa kujaribu. Mimi nilimpa sababu zake, naye akanipa malipo yangu.

Tangi lilikuwa chumbani anakolala na mkewe, Bi Rehema. Inspekta alisema mlio wa maji unampa usingizi. Nilikwenda kila mwezi, na kila mara alinizuia mlangoni kwanza. "Diploma, vua viatu. Samaki wangu hawapendi kishindo."

Alipofariki nilipata habari nimechelewa, nikafika siku ya pili ya msiba. Uani turubai limejaa wanaume. Binti yake, Salma, alikuja kunisalimu macho yamevimba.

"Shikamoo mzee. Samaki wa baba wanakufa."

"Marahaba. Wanafanyaje?"

"Wamepanda juu wote, wanahema. Wengine wameshageuka matumbo."

Nikamuuliza kama kichujio kinafanya kazi. Akashika kichwa. Chumbani walikaa wanawake na mfiwa, na msiba ni simu. Kila mtu anapiga, kila mtu anapigiwa. Mtu alichomoa waya wa kichujio ili achaji simu, wa pili akachomeka ya kwake, wa tatu vivyo hivyo, siku nzima ya kwanza ya msiba, tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini bakteria wa kwenye sponji nao hupumua, na maji yasipopita hufia mle ndani. Waliporudisha waya, kichujio kilimwaga uozo wake wote tangini.

Nilivua viatu nikaenda moja kwa moja chumbani. Mlangoni palikuwa na pazia, na mbele ya pazia alikaa Bi Zuhura, dada wa marehemu, miguu kaikunja juu ya mkeka.

"Wapi huko, baba?"

"Mie ndiye mtaalamu wa tangi."

"Hata ungekuwa mtaalamu wa mwezi. Wifi yangu yumo eda. Mwanamume asiye maharimu wake hapiti hapa."

Mimi Mkristo wa milimani, eda nilikuwa naisikia tu. Salma alinieleza: mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, haonani na wanaume wa nje. Nilisema nina diploma, samaki wanakufa, na ni dakika chache tu.

"Hiyo diploma haiwezi kupita pazia peke yake?" alisema Bi Zuhura, na wanawake wakacheka chinichini, cheko la msibani. Kisha akainuka. "Na wala usihangaike. Maji ya maiti hayo, yameoza. Chumba cha marehemu tunakiosha leo chote. Salma, lete ndoo. Tunamwaga maji yote, tunasugua kioo kwa sabuni, tunatia mapya ya bomba."

Nilipiga kelele ambayo sijawahi kupiga nyumbani kwa mtu. "Usiyaguse!"

Uani wanaume wakasimama. Ndipo nikasikia sauti ya Bi Rehema nyuma ya pazia, imekauka kwa kulia.

"Wifi, muache aseme. Fundi, wale ni wa mume wangu. Alikuwa anawaita kwa majina. Wakiondoka wote humu, mie nitakaa na nani miezi yote hiyo?"

Sipendi kuitwa fundi. Siku ile sikumsahihisha.

Nilikaa chini mbele ya pazia na nikaeleza. Maji yana sumu, ndiyo, lakini ukiyamwaga yote na kusugua kwa sabuni unaua na bakteria wachache waliobaki, na samaki wanaingia kwenye maji mabichi wakiwa tayari wameungua matamvua. Maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu, nayo haichagui kijidudu kizuri na kibaya. Lazima yalale wazi kwanza. Kinachotakiwa ni kutoa ndoo moja na kutia ndoo moja ya kisima, kila siku, polepole. Chakula marufuku. Na chetezo cha ubani kikae mbali na pampu, maana pampu huvuta hewa ya chumbani na kuisukuma majini. Ukifukiza chumba, umefukiza na samaki.

"Yarabi," alisema Bi Rehema. "Kiko pembeni yake hapa."

Kesho yake nilileta kutoka Msasani sponji iliyoiva, imelowa ndani ya ndoo yenye mfuniko, kwa kuwa ikikauka njiani inakuwa kitambaa tu. Salma aliipitisha chini ya pazia, mama yake akaikamua tangini kama nilivyomwelekeza. Bi Zuhura aliona yale maji ya kahawia yakimwagika mbele ya samaki wa kaka yake. "Huyu katuletea matope kutoka kwa matajiri," alisema. Lakini hakuzuia.

Ikawa hivyo miezi yote. Salma alinitolea maji kwenye kikombe, nikayatia matone ya kupimia: yakigeuka kijani amonia ipo, yakibaki manjano yako salama. Maji nilikuwa nayaona, samaki sikuwaona. Kwa hiyo nilimuuliza Bi Rehema, naye akawa jicho langu. Mapezi wameyafungua au wameyabana? Povu linapasuka au linakaa juu? Wanajikuna kwenye mawe? Mwanzoni alijibu "sijui, fundi." Baadaye alinijibu kabla sijauliza. Wengi walikufa wiki zile za kwanza, naye alinitajia kila mmoja kwa jina alilopewa na mumewe. Wakabaki dume mmoja na majike wawili, na matone yakaanza kubaki manjano.

Siku moja nilimkuta na hofu. "Yule mkubwa wa manjano, Mwanamkasi, hali. Kajificha pangoni, kidevu kimevimba. Wifi anasema tumtoe asiwaambukize wenzake."

"Anatafuna bila kula?"

"Enhee! Kama mtu mwenye tambuu."

"Bi Mkubwa, huyo haumwi. Amebeba watoto mdomoni. Mbuna hutaga, akayaokota mayai kinywani, na hali chochote mpaka wanawe waweze kuogelea. Muache gizani humo humo."

"Kumbe naye yumo eda."

Bi Zuhura alicheka mpaka akafuta machozi kwa upande wa kanga, kisha machozi hayakukoma, akaondoka mlangoni.

Eda ilipokwisha nilialikwa. Nilivaa suti niliyoishonesha Maskati, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikavuka lile pazia. Maji yalikuwa meupe kama hayapo. Kwenye mawe vitoto vya manjano vilikuwa vinacheza. Nilisogea kwa fahari yangu yote, na samaki wote, wakubwa kwa wadogo, wakakimbilia mapangoni. Hakubaki hata mmoja mbele yangu.

"Wanakuogopa, fundi," alisema Bi Rehema. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. "Hawajawahi kukuona." Akasogea yeye, nao wakatoka.

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuchoka na kazi. Nilihesabu moyoni matangi yote niliyoyatunza, bara na ughaibuni, nikatafuta samaki mmoja aliyewahi kutoka pangoni kwa ajili yangu.

Nyumba ya Mtoni ilikuwa ya warithi wengi, nao walikubaliana kuiuza. Bi Rehema alikuwa anarudi Tunduru kwa ndugu zake. Tangi halisafiri umbali huo. Aliniomba niwachukue, nami nikawahamishia Goba kwa uangalifu wote wa diploma yangu: madumu ya maji yao ya kisima, sponji yao, mawe yao kwa mpangilio ule ule. Tangi likakaa chini ya fremu. Ndilo tangi langu la kwanza nyumbani kwangu, na nimestaafu nalo. Msasani niliacha; magoti hayapandi ngazi, na ngozi ya mikono imeharibika kwa kulowa. Jioni nakaa sebuleni, chumba kikubwa alichonijengea mke wangu, nasikiliza mlio wa maji. Ni kweli unaleta usingizi, ila si kwa kila mtu.

Bi Rehema hunipigia simu kila Ijumaa, ananiuliza maswali yangu mwenyewe. Mapezi? Povu? Nami namjibu.

Leo Ijumaa niliamka nikamkuta Mwanamkasi amelala ubavu kwenye mchanga. Uzee tu; hakuwa na kidonda wala alama. Nilimzika nje, chini ya dirisha. Kisha nilirudi ndani na sijui nini kilinipata. Sikuweza kulitazama lile tangi. Nilichukua ndoo, mpira wa kunyonyea maji, na sabuni. Ndiyo, sabuni. Nilitaka nimwage kila kitu, nisugue kioo mpaka pasibaki dalili kwamba kuna kitu kiliishi mle. Mpira ulikuwa umeshaingia majini simu ilipoita.

"Shikamoo Bi Mkubwa," nilisema, ingawa tunalingana umri.

"Marahaba, fundi. Wangu hawajambo?"

"Mwanamkasi amefariki."

Nilisikia jogoo wa Tunduru, na watoto wanaoitana mbali. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema. "Alikuwa mzee. Na wanawe?"

"Wapo."

"Maji yananuka?"

"Hayanuki."

"Umeyapima?"

Niliyapima akiwa anasubiri. "Manjano."

"Basi usiyaguse, fundi. Si wewe uliyenifunza? Usiyaguse."

Nikautoa mpira, nikaiweka ndoo chini. Nimekaa mbele ya tangi hadi sasa, na wale wadogo bado wamejificha.