Lenzi Zangu na Maji ya Kisima

Hamjambo, jamaa zangu. Mimi ni Mwanaidi, mchora hina na piko wa Galu. Jicho hili la kulia mnaloliona lina doa, nililiharibu kwa mkono wangu mwenyewe.

Maharusi wengi wa Msambweni na Ukunda nimewapamba mimi. Kwa mbali nilikuwa sioni vizuri, basi nikanunua lenzi, zile za kuvaa ndani ya jicho, tena za rangi ya asali. Nikajiona mwanamke! Miwani nikaitupa kabatini.

Dawa ya kuoshea lenzi ilipokwisha, nilionja tone la mwisho. Lina chumvi. Nikasema, kumbe! Hata maji ya kisima chetu yana chumvi, na twayatumia tangu tuzaliwe. Nikawa naziloweka lenzi kwenye kikombe cha maji ya kisima. Ujinga gani huo, Mola wangu!

Wiki ya pili jicho likawasha kama limeingia mchanga. Nikasingizia moshi wa jikoni, nikaendelea kuvaa. Likawa jekundu, likajaa tongotongo, kope zikagandana. Kisha maumivu. Wallahi, nimezaa watoto wawili, lakini uchungu ule sijapata kuuona. Mwangaza wa dirishani ulinichoma mpaka kisogoni. Nilijifunika leso, nikalia hadi nikatapika. Nilipolifumbua jicho, mkono wangu niliuona kivuli tu. Mchora hina asiyeuona mkono ni nani?

Nikapelekwa hospitali. Daktari wa macho alilikwangua jicho kidogo, akapima. "Bibie, vijidudu vya majini vinakula kioo cha jicho lako. Lenzi uliziosha na nini?"

Nilimwambia ni maji ya kisima. Nikamwuliza, "Nitapona?"

"Siwezi kukuahidi. Tutajaribu."

Matone kila saa, mchana na usiku, na yalichoma kama pilipili. Mama yangu ndiye aliyenitilia. Siku moja nilimsukuma mkono. "Niache nipofuke, mama! Nimechoka!"

Hakukasirika. "Mimi sijatia hina tangu babako afariki. Nimeweka nadhiri: jicho hili likipona, wewe ndiye utakayenipaka. Haya, tazama juu."

Nilikata tamaa mara ngapi, sijui. Miezi ilipita. Maumivu yakapungua kwanza, kisha nikaliona dirisha, kisha vyuma vyake kimoja kimoja. Miwani nimeitoa kabatini. Alhamdulillahi, na Mungu amlipe daktari yule.

Jamani, lenzi hazitaki maji. Si ya kisima, si ya bomba, si ya bahari, wala mate. Nawa mikono uikaushe kabla ya kuzigusa, na usilale nazo. Dawa yake ikiisha, vaa miwani, hakuna atakayekucheka. Na jicho likianza kuuma, zivue, uende hospitali siku hiyo hiyo. Mimi nilingoja, mmeona yaliyonipata.

Juzi nilimkalisha mama mkekani, nikamchora kiganja. Alipolitazama ua lake, akacheka.

"Mwanangu, jani hili limepinda."

"Nimeliona, mama," nikamwambia, na machozi yakanitoka. "Nimeliona."