Mjukuu Wangu na Leseni ya Cheti

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa wadini kabla sijamgusa mgonjwa. Ilikuwa wadi ya wazazi, upande wa Msambweni, nami nimetoka chuoni na cheti changu, gauni limepigwa pasi hata karibu lisimame lenyewe. Metroni, mkubwa wa wauguzi wote, alinitazama kucha, akaniambia nikazikate kisha nirudi. Niliporudi nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole kana kwamba si yeye aliyenifukuza. Nilimpenda tangu siku hiyo, na kumwogopa sikuacha.

Nyinyi vijana mnaosomea uuguzi mna mashine za kila aina, mashallah. Sisi mapigo ya moyo wa mtoto tuliyasikiliza kwa kibomba cha mbao, sikio moja juu ya tumbo la mama, na ole wake atakayepiga soga mlangoni. Mama akishajifungua tulimpapasa kuhakikisha kizazi kimekaza, maana kikilegea damu humwagika. Na zamu zilipopokezana, Metroni hakukubali mgonjwa akabidhiwe kwa maneno matupu. Anayeondoka na anayeingia walisimama kitandani, wakaweka mikono pamoja juu ya tumbo lile moja, ndipo wa kwanza aruhusiwe kwenda nyumbani. Wengine walinung'unika. Mimi nilifurahi, kwa kuwa nilirudi kwangu nikalala bila wasiwasi.

Lakini pale kitandani aliyesema ni sista mwenye diploma. Sisi wa cheti tulishika trei. Ndivyo madaraja yetu yalivyo: cheti, diploma, na siku hizi digrii. Leseni hufuata daraja, na leseni ndiyo inayosema uruhusiwe kufanya nini, na nani akusimamie.

Baadaye nikahamishiwa bara, zahanati moja upande wa Taru, kwa wafugaji. Watu wakarimu wale, hunipati nikiwasema vibaya. Mkuu wetu, Bwana Tabibu, alikuwa mcheshi, ila mkaidi kupita kiasi. Siku moja akaletwa mama mjamzito amevimba uso na miguu, kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu. Nikampima presha, nikajua kifafa cha mimba kinamnyemelea. Nikamwomba Bwana Tabibu mama apelekwe hospitali kubwa pale pale.

"Dada, wewe ni wa cheti," akaniambia, tena anatabasamu. "Uchunguzi niachie mimi."

Alipokuja kukubali na kutoka kutafuta gari, mama ameshaanza kurusha mikono na miguu. Nilibaki naye peke yangu. Nikamlaza ubavu, nikamshika asianguke, nikamwangalia pumzi hadi akatulia na gari likafika. Mama alipona. Mtoto hatukumpata.

Ndipo niliporudi chuoni kusomea diploma, nina watoto wadogo na mume anayenuna kutwa. Watu walisema natafuta ukubwa. Ukubwa gani? Nilitaka nikisema mama apelekwe, apelekwe. Nilipomaliza nikarudishwa pwani, nikazunguka zunguka hadi nikawa sista mkuu wa wadi ile ile niliyofukuzwa, na hapo ndipo nilipostaafia.

Sasa niko Kinondo na kuku wangu na goti linalouma. Juzi akaja mjukuu wangu Mwanasha, ambaye ana digrii ya uuguzi, na kazi yake kwa sasa ni kumsaidia mama yake kukaanga viazi karai pale Ukunda. Kila anapokwenda kuomba kazi huambiwa digrii yake ni kubwa mno, wao wanatafuta wa cheti, ambaye mshahara wake wataumudu. Kituo kimoja cha binafsi upande wa Majoreni kimemwambia waziwazi kwamba akija na leseni ya cheti, kazi ni yake. Basi anataka kuomba leseni hiyo ya chini, na hakutaka kuanza bila radhi yangu.

Nikamshukia kama mwewe. Nikamuuliza kama amerogwa. Nikamweleza ya Taru, na mtoto yule tuliyemkosa, ambaye mpaka leo nikimkumbuka chakula hakipiti. Nikamwambia atakuwa anajua lakini hasikilizwi, na kwa muuguzi hakuna mateso kama hayo. Mwanasha aliniacha nikasema hata nikachoka. Ndiyo tabia yake tangu utoto, hakati mtu maneno.

"Bibi," akasema, "yule mama alipoanza kurusha mikono, nani alimshika?"

"Mimi. Kulikuwa na nani mwingine?"

"Basi na mimi naomba niwepo. Haki ya kusikilizwa nitaitafuta nikiwa ndani. Kule kwenye karai hakuna mgonjwa wa kumshika."

Hasira nilikuwa nayo bado, lakini haikuwa yake tena, ilikuwa ya hao wanaomwona msomi wetu ni mkubwa mno kwa wagonjwa wetu. Nikamvuta karibu, nikamwekea mkono kichwani, nikamsomea dua huku machozi yananitoka, wala sikuyafuta. Wauguzi wengi wamepita mikononi mwangu, na wote niliwaombea wapande. Mwanasha ndiye wa kwanza niliyemwombea ashuke salama.