Keki Nayo Ina Ndama

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo viganja vinaniwasha na miguu inataka kucheza. Sogea karibu nikusimulie. Na hiyo dawa ya meno uliyoiminya katikati asubuhi, usidhani sikuona. Nusu imerudi nyuma, na kesho utakuja kuniambia imekwisha. Ngoja, tutafika huko.

Nilikuwa msichana wa hapa hapa Nyamwaga, damu inachemka, mdomo hauna breki. Nilikuwa nimerudi kutoka Tarime mjini, ambako mama mmoja mpika keki alinikaribisha kwake akanifundisha kazi. Miaka hiyo keki hapa kijijini ilikuwa kitu cha kutazamwa kwanza na kuliwa baadaye. Basi dada yangu Robi akapata mchumba, kijana wa Mugumu kule Serengeti aitwaye Mwita. Ng'ombe wakaja, siku ikapangwa, na dada akasimama mbele ya wajomba na mashangazi akasema, "Keki atapika Bhoke."

Bhoke ndiye mimi. Yaani mwanangu, nilitoka nje nikaruka peke yangu nyuma ya nyumba mpaka kuku wakakimbia! Robi ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Nilitaka aingie kwa wakwe zake akiwa ameheshimika, watu wa Mugumu warudi kwao wakisimulia.

Nikaoka. Moto wa mkaa chini ya sufuria, moto mwingine juu ya mfuniko. Nilianza na keki ndogo ya kujaribia moto, nikaiweka kando kwa ajili ya watoto. Kisha nikaoka keki kubwa ya maharusi na mbili ndogo za wamama: moja ya mama yetu na moja ya mama mkwe. Unajua desturi ya harusi zetu. Bibi harusi hupiga goti mbele za watu, akamkabidhi mama keki yake na kumlisha kipande. Mama akila akitabasamu, ndiyo baraka yenyewe hiyo.

Alasiri ya kuamkia harusi nikaanza kupamba. Aisingi nilikuwa nimeipiga vizuri, ile sukari laini kama unga pamoja na majarini, mpaka ikawa nyeupe na nyororo. Nikaijaza kwenye mfuko wa nailoni (wakati huo ilikuwa haijapigwa marufuku), nikakata kona kidogo na mkasi. Watu wakajaa uani kunitazama. Wengine walikuja na viti vyao! Nami kwa kujidai nikaukamata ule mfuko katikati kwa mikono miwili, nikaminya.

Lo! Aisingi ikapanda juu badala ya kushuka chini. Ikatokea mdomo wa mfuko, ikanipaka mpaka kwenye kiwiko. Binamu yangu mmoja akampigia kelele kijana mwenzake, "Mura, keki imemtapikia!" Uani hapakukalika kwa kicheko.

Bibi yetu, mama yake baba, ndiyo kwanza alikuwa anatoka zizini na kibuyu cha maziwa. Bibi Wankuru alikuwa mwembamba, mkavu, mwenye mikono mirefu, na alikamua ng'ombe tangu akiwa msichana wa Nyanungu. Akasimama, akanitazama vile viwiko vyangu.

"Bhoke," akasema, "unakamua au unafua?"

"Napamba keki, bibi."

"Naona. Lakini umeacha juu wazi. Chuchu ukiikamata hivyo, maziwa yanarudi kwa mwenyewe. Hebu nawa mikono."

Nikanawa. Akauchukua ule mfuko, akausokota juu, akaubana hapo kwenye msokoto kwa kidole gumba na cha shahada, kisha vidole vingine vikafuata kimoja kimoja kushuka chini. Aisingi ikatoka kwa adabu, uzi mmoja mnyoofu! Nikaupokea kama ninayempokonya. Nikabana juu, nikafuatisha vidole, na mwanangu, ilitii! Nikachora mzunguko, nikachora mawimbi, nikachora ua la kwanza lenye majani. Sitakuficha, nilijisikia kama nimeukamata ulimwengu na unatoka kwenye kona ya mfuko. Watu wakapiga makofi. Kwenye keki mbili ndogo nikaandika ASANTE MAMA, herufi zimesimama wima kama askari.

Kisha nikarudi kwenye keki kubwa na hapo ndipo utamu uliponikolea. Ua juu ya ua. Vijana wanashangilia, "Ongeza, Bhoke! Ongeza!" nami naongeza. Ilibaki sehemu moja tu haina ua, na mfukoni imebaki aisingi kidogo, ndipo mkono mkavu wa bibi ukanishika kifundo cha mkono.

"Acha hapo. Ndama atakunywa nini?"

"Bibi," nikasema, na watu wakisikia, "keki haina ndama."

Walicheka tena, safari hii wakiwa upande wangu. Bibi hakucheka. Unajua hapa kwetu ndama hufungwa karibu na mama yake wakati wa kukamua, na mtu mwenye akili haikaushi chuchu ya mwisho. Anaiacha. Anayekamua zote leo anakunywa sana, mwakani hana zizi.

"Kila kinachokamuliwa kina ndama wake," bibi akasema. "Usipomwona, ujue yuko njiani."

Akauchukua mfuko wangu, akausokota, akaufunga kwa uzi, akauzungushia kitambaa kibichi na kuuweka kando ya mtungi wa maji. Nilinuna! Ile sehemu isiyo na ua niliiona kubwa kama uwanja wa mpira. Nikajisemea moyoni, wazee nao, kila kitu kwao ng'ombe. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi miguu yangu nilikuwa naihitaji kwa kucheza kesho yake, basi nikaiacha hivyo hivyo.

Harusi ikafika. Kanisani tulitoka vizuri, turubai limefungwa nyumbani, ritungu, kinanda chetu cha nyuzi, inalia, vumbi linapanda, wali na nyama vinanukia mpaka barabarani. Basi dogo la watu wa Mugumu likaingia likipiga honi na akina mama wakashuka wakiimba. Nilikuwa jikoni nazipanga keki kwenye masinia. Mara mama yangu akaingia mbio, kitenge kimemlegea.

"Bhoke! Wamama ni wawili!"

"Wamama gani?"

"Wa Mwita! Mke mkubwa naye amekuja!"

Nikuelezee. Baba yake Mwita alikuwa na wake wawili. Mke mdogo ndiye aliyemzaa Mwita, na keki ilikuwa yake. Mke mkubwa ndiye aliyemlea tangu alipoachishwa ziwa, kwa sababu mama yake aliugua muda mrefu. Tuliambiwa hatakuja, miguu inamsumbua, hawezi safari. Kumbe asubuhi ile alichukua fimbo yake akapanda gari akisema haozeshi mtoto akiwa amelala kitandani. Na sasa ameketi mbele kabisa, bega kwa bega na mke mwenzake, na mshereheshaji ameshatangaza kwamba bibi harusi anakuja na zawadi ya mama.

"Tuikate ile moja mara mbili," mama akasema.

Shangazi aliyemfuata akatikisa kichwa. "Keki moja, wake wenza wawili? Hapo umewapelekea ugomvi kwenye sahani. Na Robi ndiye atakayeishi nao, si wewe."

Dada yangu angepiga goti mbele ya mama mmoja, na mwingine, yule aliyemlea mumewe, angebaki anatazama mikono yake mbele ya kijiji kizima. Ndoa ingeanza na kidonda. Na sukari ya aisingi dukani Nyamwaga haikuwepo. Mpaka uende Tarime na gari lile la barabara ya vumbi, urudi, maharusi wameshazeeka!

Nikakumbuka keki ya kujaribia. Nikaitoa kabatini. Upande mmoja ulikuwa umeungua kidogo, nikaigeuza chini juu, nikaipunguza kingo kwa kisu. Ikawa keki. Kavu, tupu, ya kahawia, lakini keki. Kisha nikageuka kuutafuta mtungi wa maji, na bibi alikuwa ameshasimama pale, mfuko uko mkononi mwake. Alininyooshea tu.

Nikasokota, nikabana juu, nikaminya. Hakuna kitu! Majarini ilikuwa imeganda kwa ubaridi wa mtungi. Nikaminya kwa nguvu zaidi, bibi akanipiga kofi dogo mkononi.

"Utaupasua. Ng'ombe hashushi maziwa kwa mikono ya baridi. Upashe moto."

Nikauweka kwapani. Ndiyo, kwapani, juu ya gauni la harusi, usinicheke! Nje mshereheshaji anawachezesha watu ili kuvuta muda, wale wa Mugumu wamemshika mwenye ritungu hawamwachii. Namsikia Robi mlangoni ananiita kwa sauti ya chini, "Bhoke, mdogo wangu, bado?" Nikautoa mfuko, nikaupapasa. Ulikuwa umelainika. Nikabana juu, vidole vikafuata, na uzi mweupe ukatoka.

A. S. A. Nilikuwa naandika huku nimezuia pumzi. N. T. E. Mfuko ukawa mwepesi. Nikausokota zaidi, nikasukuma kila kilichokuwamo kuelekea kona. M. A. M. Mama anaomba Mungu kwa Kikurya, shangazi ameshika taa. Nikaminya. Mfuko ukatoa hewa, pff, na tone dogo lisilofika hata kuanza herufi.

"Bibi, imeisha!"

"Haijaisha. Hili tone ni la ndama mwenyewe, sasa usibakize. Leta."

Akaulaza ule mfuko mezani. Akabana juu kabisa kwa vidole viwili, akavishusha polepole, vimekazwa, kutoka juu mpaka chini, vile wanavyomalizia chuchu. Ile aisingi iliyokuwa imejificha kwenye kuta za mfuko ikatambaa yote mbele ya vidole vyake, ikajikusanya kwenye kona. Akanishikisha bila kuachia, mkono wake juu ya mkono wangu, na A ya mwisho tukaiandika pamoja, mimi na yeye. Iliinama kidogo. Mpaka leo sijaandika herufi nzuri kama ile.

Robi akatoka na masinia mawili. Akapiga goti kati ya wale wamama wawili. Yule mke mkubwa akaitazama keki yake, akaitazama ya mwenzake. Akakisoma kile nilichoandika kwa kufuatisha kidole hewani, taratibu, kwa maana kusoma alijifunzia ukubwani.

"Hii ni yangu?" akauliza.

"Ni yako, mama," Robi akajibu. "Asante kwa kunilelea mume."

Mwanamke yule hakula. Alikata kipande kutoka kwenye keki yake, akamgeukia mke mwenzake, akamlisha kwanza yeye. Mke mdogo akaangua kilio, akakata yake, akamlisha mwenzake huku machozi yanachuruzika. Vigelegele, mwanangu! Turubai nusura ling'oke! Baba yake Mwita, mzee wa watu, aliinuka akacheza ritungu na fimbo ya mkewe mkubwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mikono michafu nalia na kucheka kwa pamoja, na bibi akanipita akielekea zizini, maana jioni ilikuwa imefika na ng'ombe hawajui harusi.

"Sasa umemwona ndama?" akaniuliza bila kusimama.

Nilimwona.

Ndiyo maana, mwanangu, mpaka leo nina mvi na kazi yangu ni hii hii ya keki, mifuko yangu ni ile mipya iliyoruhusiwa na nina vidude vya bati vya kuchorea kila aina ya ua, lakini sijawahi kuukausha mfuko kabla sherehe haijaisha. Wasichana ninaowafundisha huniuliza kwa nini. Huwaambia waende wakaangalie ng'ombe anavyokamuliwa, halafu warudi.

Sasa nisikilize vizuri. Ukishika kitu, iwe dawa ya meno, iwe mfuko wa aisingi, iwe mshahara, iwe nguvu zako za ujana, kibane kwanza pale juu, ujue mlango wake uko wapi, ndipo ukitoe kidogo kidogo. Anayeminya katikati kwa pupa hujipaka mwenyewe. Watu wakikushangilia, "Ongeza, ongeza," cheka nao, lakini wewe acha. Akiba haiozi. Yupo mtu ambaye hayumo kwenye hesabu yako, hujaambiwa kama anakuja, pengine anapanda gari sasa hivi na fimbo yake mkononi. Mbakizie. Na akifika, mwanangu, hapo usibane tena. Mtolee mpaka tone la mwisho, hata kama herufi itainama.

Mungu wa bibi yangu akupe vidole vyenye subira na mikono yenye joto. Zizi lako lisikose ndama, na ndama wako asikose ziwa. Mgeni usiyemtarajia akija mlangoni kwako, akukute na kitu kimefungwa kwa uzi kando ya mtungi, cha kuliandikia jina lake.