Mbula na Harusi Iliyopoteza Sauti

Mbula Nzioka alikuwa mtu wa faili. Miaka yote aliyoajiriwa katika ofisi moja ya serikali mjini Kitui, makao yake yalikuwa chumba cha kumbukumbu: makabati ya chuma, majalada ya rangi ya kaki, na vumbi ambalo halikuisha hata lifutwe vipi. Afisa akitaka barua ya zamani, Mbula alipotea katikati ya makabati, na chai ya afisa ikiwa bado na moto, barua ilikuwa mezani. Kisha serikali ikasema wafanyakazi wamekuwa wengi mno. Mbula akapewa mkono wa kwaheri pamoja na wenzake, akarudi nyumbani Nuu kulima ndengu na mtama kwenye shamba ambalo mvua ililipita tu, ikaenda kunyesha kwingine.

Si shamba lililomtoa Nuu mwaka wa 1999, lakini. Ni mguu wa ndugu yake.

Kisilu, kitinda mimba wao, alikuwa na studio Makindu, nyuma ya maduka yanayotazama barabara ya Mombasa. Alipiga picha za pasipoti siku za kazi na kurekodi harusi kwa video Jumamosi. Jumamosi moja alikuwa amesimama nyuma ya pikapu akirekodi msafara wa maarusi, pikapu ikaingia kwenye shimo lililoachwa na zile mvua za El Niño, naye akaruka nje kama gunia. Kamera aliikumbatia kifuani, haikupata hata mkwaruzo. Paja ndilo lililovunjika. Hospitali walimfunga plasta kutoka kiunoni hadi kwenye kisigino, wakamrudisha nyumbani alale chali. Hakuwa na mke wa kumtunza. Dada alikuwepo.

Kwa hiyo Mbula akawa anapika, anafua, anateka maji, anamgeuza mgonjwa ubavu huu na ule, na katikati ya hayo anafungua studio na kuwaambia wateja warudi wiki ijayo. Jioni mgongo ulimuuma asijue kama ni wake au ni wa mtu mwingine alioazima.

Mteja ambaye hakutaka kuambiwa wiki ijayo alikuwa Irungu, mwenye duka la jumla ng'ambo ya barabara. Binti yake, Wamucii, alikuwa ameolewa, kabla ya ajali ile, na Muthama, kijana wa Nuu, mtoto wa jirani yake Mbula kabisa. Jamii mbili zilikuwa zimepanga kukutana huko Nuu baada ya ibada ya Jumapili, watazame ile video pamoja. Kanisa lilikuwa limeahidi jenereta na televisheni.

"Kazi imefika nusu," Kisilu alimwambia dada yake kutoka kitandani. "Kila kitu kiko ndani ya kompyuta. Kaa hapo. Mimi nitaongea, wewe utafanya."

"Mimi najua taipureta, Kisilu. Hii ni kitu ingine."

"Ni hiyo hiyo, dada. Imeongezwa kioo tu."

Kompyuta ilikuwa chumba cha mbele, kitanda chumba cha nyuma, mlango wazi katikati. Kisilu aliweza kuona mgongo wa kompyuta na uso wa dada yake, basi. Kioo chenyewe hakukiona. Alifundisha kama mtu anayemwelekeza kipofu njia, naye akiwa kipofu wa pili.

"Chini kabisa kuna mistari imelala kama reli. Umeiona?"

"Nimeona."

"Hizo zinaitwa traki. Ya juu ni picha, ya chini ni sauti. Kutoka kushoto kwenda kulia ni saa inatembea. Ukiweka picha kushoto, itaonekana kwanza. Ukiweka kulia, itaonekana baadaye."

"Na hii nyingine ya picha, mbona iko tupu?"

"Hiyo ni ya kufunika. Picha ukiiweka kwa traki ya juu, inaficha ile ya chini. Lakini sauti ya chini bado inasikika. Ni kama unamtandikia mtu blanketi na yeye anaendelea kuongea."

Mbula alielewa hilo la blanketi upesi kuliko alivyotarajia. Mausi ndiyo iliyomtesa. Alikuwa akiishika kwa nguvu kama anayeshika panga, na kila alipoburuta kipande cha harusi kukipeleka mahali pake, kilimponyoka kikaangukia katikati ya kingine. Bi harusi akawa anakata keki kabla hajafika kanisani. Mbula hakucheka. Alirudisha, akaburuta tena, macho yakimwasha, huku malori ya Mombasa yakitikisa dirisha.

Kilichomkera zaidi ni jinsi Kisilu alivyokuwa ameweka mambo yake. Vipande vya harusi ya Wamucii vilikuwa vimechanganyika na ubatizo, na mazishi, na mahafali ya chekechea. Majina yake yalikuwa kama ya mtoto anayejaribu taipureta: kipande, kipande mpya, kipande mpya tena, mwisho, mwisho kabisa. Mtu aliyekaa miaka mingi katika chumba cha kumbukumbu hawezi kutazama kitu kama hicho na moyo ukatulia.

Alasiri moja Kisilu alikuwa amemeza dawa za maumivu, akalala fofofo. Mbula akaketi kwenye kompyuta peke yake. Akatengeneza folda ya harusi ya Wamucii, na ndani yake folda nyingine: kanisani, barabarani, mezani, zawadi. Akafungua kila kipande, akakitazama, akakipa jina linaloeleweka, akakipeleka kwenye folda yake. Kompyuta ikalalamika kwamba nafasi imejaa. Basi vile vilivyoonekana kama marudio, visivyo na jina wala picha, akavitupa kwenye pipa la takataka, kisha akalimwaga pipa lenyewe. Alipomaliza alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu afike Makindu.

Kisilu alipoamka akamwomba afungue ile kazi waendelee. Mbula akafungua. Badala ya harusi, kikatokea kisanduku kidogo chenye swali la Kiingereza, kikiuliza faili fulani iko wapi. Akakifunga. Kikaja kingine kikiuliza faili ya pili iko wapi. Kisha ya tatu. Mwishowe ile mistari ya chini ikabaki na vipande vyenye weusi mtupu, kama madirisha ya nyumba iliyohamwa.

"Kisilu," aliita. "Harusi imeenda."

Akamweleza alichofanya. Ndugu yake hakupaza sauti. 

"Dada, ile kazi haishiki picha yenyewe," akasema. "Inashika anwani tu. Inajua kipande fulani kinakaa mahali fulani na kinaitwa jina fulani. Umewahamisha watu wote na ukawabadilisha majina. Sasa inapiga hodi nyumba zote na hakuna mtu anaitika."

"Ofisini faili likihama tuliandika kwa kadi limeenda wapi."

"Hapa kadi hukuandika."

Hakukuwa na la kufanya ila kuionyesha kompyuta, kipande kimoja baada ya kingine, nyumba mpya ya kila kimoja. Kazi hiyo ilikula siku kadhaa, kwa sababu stima ilikuwa ikipotea mchana na kurudi inapopenda. Mbula alipika uji, akamgeuza mgonjwa, akarudi kwenye kiti. Stima ikizima alilaza kichwa mezani na kungoja. Hakuwa na hasira. Alikuwa amepita hapo. Alikuwa amechoka uchovu ule unaomfanya mtu atazame kikombe cha chai na kuona kukinyanyua ni kazi.

Taratibu harusi ikarudi. Kanisa likarudi, msafara ukarudi, zawadi zikarudi na vifijo vyake. Ndipo wakafika mezani, pale Baba Wamucii aliposimama kumkabidhi binti yake. Irungu alionekana, kinywa kikifunguka na kufumba, mkono ukipunga. Kilichosikika ni upepo ukipiga turubai la hema.

"Hiyo ni sauti ya kamera," Kisilu alisema kutoka chumbani. "Haifai. Yake niliirekodi kando na ile redio ndogo ya kaseti, nikaiingiza peke yake. Tafuta faili ya sauti. Haina picha."

Mbula aliweka mikono kwenye mapaja. Haina picha. Haina jina.

"Nilitupa," alisema. "Na kaseti ya redio?"

"Kwaya walirekodi juu yake."

 Kisilu akasema labda waweke muziki hapo, watu hawatajua. Mbula akasema Irungu atajua. Akavua leso ya jikoni, akavaa viatu, akavuka barabara.

Irungu alikuwa akipima sukari. Alikuwa mzee mrefu aliyeinama kidogo, mke wake marehemu, dukani alibaki peke yake siku hizi. Mbula alingoja mteja aende, ndipo akasema.

"Baba Wamucii, nimekuja na habari mbaya. Yale maneno uliyosema mezani siku ya harusi, sauti yake imepotea. Si Kisilu. Ni mimi niliifuta, sikujua ni nini."

Irungu alikunja mdomo wa karatasi ya sukari polepole. "Yote?"

"Yote. Ningeomba uje useme tena. Tutarekodi."

"Mama Mbuvi," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, "mtu hakabidhi binti mara mbili."

"Najua."

Irungu alimtazama. Labda aliona yale macho mekundu, au mkono uliokuwa unashikilia kaunta ili mwenyewe asianguke. Akamsogezea kiti. "Kaa kwanza," alisema. "Unaonekana kama mtu ametembea kwa miguu kutoka Kiboko."

Mbula akakaa.  Watu walikuwa wakipita kuelekea hekalu la Makalasinga, ambako chakula cha mchana hutolewa bure, na dukani hapakuwa na mteja. Irungu alifunga mlango nusu, kisha, bila kuombwa tena, akamfuata Mbula hadi studio.

Walimweka mbele ya maikrofoni, karibu na mlango, ili Kisilu asikie pia. Mzee alianza kama alivyoanza siku ile: akashukuru kamati, akashukuru mchungaji, akataja wageni wa kutoka Murang'a. Kisha akakwama. Mbula alidhani amemaliza, akasogeza mkono kuzima. Irungu akamzuia kwa kidole.

"Siku ile palikuwa na watu wengi," alisema. "Mambo mengine sikusema. Nilifika Makindu kijana, nikiuzia madereva chai. Wamucii alilala juu ya magunia ya duka hiyo akiwa mtoto. Muthama alipokuja kumwomba, nilisema neno mbaya. Nilisema sikumlea mtoto wangu aende Nuu kula mahindi ya muthokoi na kungojea mvua. Najua mama yake Muthama aliambiwa. Syokau, ulinyamaza. Ulikuja harusi na kiondo umesuka mwenyewe, ukanisalimia kwa mikono miwili. Mimi nikaongea juu ya kamati." Akavuta pumzi. "Nyumba yangu sasa hakuna mtu. Nikifunga duka nakula mkate nalala. Ninyi mko na yeye. Mpendeni huyo mtoto. Hiyo ndiyo maneno yangu."

Mbula alizima. Chumba cha nyuma, Kisilu alikohoa.

Shida ikawa moja: maneno mapya hayakulingana na kinywa cha zamani. Mzee angeonekana akipunga mkono na kucheka huku sauti yake ikisema mambo mengine kabisa. Mbula alikaa na hilo tangu asubuhi hadi stima ilipopotea, na iliporudi alikuwa ameshaamua. Aliweka sauti ya Irungu kwenye traki ya chini, akaacha uso wake uonekane mwanzoni tu, alipokuwa akisimama. Kisha kwenye ile traki ya juu akamtandikia blanketi: Wamucii akitazama chini, vidole vyake vikichezea shada, watoto wakilala mapajani, Muthama akifuta jasho. Akatafuta na Syokau. Alimpata kwenye folda ya zawadi, akipita kwa sekunde chache na kiondo mikononi. Akampeleka pale jina lake lilipotajwa. Kipande kilikuwa kifupi, akakipunguza mwendo mpaka kikatosha.

"Umeweka nini hapo?" Kisilu aliuliza, maana alisikia sauti ile ile ikirudiwa na kurudiwa.

"Mama ya Muthama."

"Sawa," alisema. Baadaye akaongeza, "Mimi ningeweka keki."

Jumapili hiyo Mbula alisafiri na kaseti ya video mkobani. Kanisani Nuu televisheni iliwekwa juu ya meza ya Bwana, kitambaa kikiwa kimeondolewa kwanza, na jenereta ikawashwa nje. Irungu alikuwa amekaa mstari wa mbele na wazee wa upande wake, kofia magotini. Watu walicheka palipostahili kuchekwa, wakatajana majina. Ilipofika sauti ya mzee wakanyamaza, kwanza kwa sababu jenereta iliwalazimu kutega sikio, halafu kwa sababu walikuwa wamesikia.

 Syokau alijitazama akipita polepole na kiondo chake. Video ilipokwisha, na chai ikaanza kumiminwa, alibeba kikombe akampelekea Irungu mwenyewe, akaketi kwenye benchi kando yake. Mbula aliona midomo yao ikiongea. Hakusikia walichosema, na hakujaribu kusikia. Vijana walitaka video irudiwe tangu mwanzo. Mbula akaketi, akaegemea ukuta wa nyuma wa kanisa, na kabla Wamucii wa kiooni hajafika madhabahuni, usingizi ukamchukua akiwa amekaa.

Mguu wa Kisilu uliunga, ingawa umebaki mfupi kidogo na hapandi tena nyuma ya pikapu. Mbula hakurudi kuishi Nuu. Kila msimu huenda kulima, apate mavuno au akose, kisha hurudi Makindu, kwenye kile kiti cha mbele. Amenunua miwani. Wakibishana sasa, yeye na ndugu yake, hubishana kuhusu keki: Kisilu anasema watu wanalipia kuona keki, Mbula anasema keki zote zinafanana.